Hilux ya zamani inanguruma kama mashine ya kusaga: naifumua ndani, watu wa Mtwara na Lindi tupeane uzoefu

Bondeni84
Wakuu salaam. Nina Hilux dabo kabini, modeli ya LN106, injini ya dizeli aina ya 3L, ya miaka ya tisini mwanzoni. Injini nzima, gia zinaingia, chasi imenyooka. Balaa liko ndani. Ukigusa 80 barabara ya Mingoyo hamsikilizani, abiria wa nyuma anaongea kwa ishara. Kapeti limeoza, dari imening'inia inakugusa utosini, hadibodi za milango zimevimba, sponji la siti ya dereva limekuwa unga.

Nimeamua kuifumua yote. Sitafuti gari la harusi. Nataka nitoke Mtwara niende Nachingwea, nikishuka masikio yasivume, na mvua ikinyesha maji yabaki nje. Kazi nafanya mwenyewe uani, kuchomelea tu ndiyo namwita fundi.

Mwenye uzoefu wa hali ya hewa ya kwetu atie neno. Video za mtandaoni ni nyingi, ila wale hawaishi na jua hili wala hii chumvi ya baharini.

Pweza_Kavu
Nimekaa mkeka wa mbele. Ila mkuu, 3L ndiyo redio yenyewe, unataka kuizima ya nini?

FundiBodi_Ligula
Bondeni, kabla hujanunua hata kipande kimoja cha kubandika, zunguka gari lako kwanza. Watu wanakuja gereji wanataka "wawekewe zile za kuzuia sauti", ukichungulia chini unakuta maunting ya injini, ile raba inayoishikilia kwenye chasi, imekatika na bomba la moshi limetoboka pale kwenye gasketi. Hapo ukibandika ni kulipaka jipu poda.

Angalia maunting za injini na ya giaboksi. Angalia raba za kabini, zile zinazokaa kati ya kabini na chasi. LN106 nyingi hizo raba zimelala zimekuwa ngumu, kabini imekaa chuma kwa chuma, kila mtetemo wa chasi unapanda moja kwa moja. Inua gurudumu uzungushe usikilize bearing. Tazama krosi joini, zile za shafti inayopeleka nguvu nyuma. Halafu niambie umevaa matairi gani, maana tairi la matope lenye meno makubwa kwenye lami linalia lenyewe na hakuna dawa ya kubandika ndani.

Bondeni84
Fundi, raba mbili za nyuma za kabini zimekwisha kabisa, ukiangalia unaona chuma kimeng'aa. Maunting ya giaboksi imepasuka. Ekzozi ina tundu karibu na mkunjo. Matairi ya kawaida. Naanza na hayo.

Ticha_Masasi
Nafundisha fizikia, mnivumilie.

Kelele inaingia kwenye kabini kwa njia mbili. Moja ni hewa: kila tundu ni dirisha. Ya pili ni bati lenyewe kutetemeka, kwa hiyo sakafu, paa na mlango vinageuka kuwa ngoma. Dawa zake ni tofauti ndiyo maana watu wanatupa hela. Kitu kizito cha kunata kinatuliza bati lisitetemeke. Kitu kizito kilichotandazwa bila kuacha mwanya kinazuia sauti isipite. Kitu chenye nyuzi au vitundu kinanyonya sauti iliyokwisha kuingia. Ukitumia kimoja kufanya kazi ya kingine, utalaumu bidhaa bure.

Sasa hesabu. 3L ina silinda nne. Ikizunguka mara 3,000 kwa dakika inachoma mafuta mara 100 kila sekunde, na ule ndio mvumo mzito unaousikia kifuani. Sauti inakwenda mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la mvumo huo lina urefu wa zaidi ya mita tatu. Sponji la sentimita moja halina la kuufanya. Unaupunguza kwa uzito, na kwa kutuliza chanzo kama alivyosema fundi. Kwa ukuta wa tabaka moja, ukiongeza uzito maradufu unapata nafuu ya desibeli 6 hivi (desibeli ndiyo kipimo cha ukali wa sauti).

Matundu ndiyo watu hawayaamini. Ukiacha uwazi wa asilimia 1 tu ya eneo la ukuta, kinga yako haiwezi kuzidi desibeli 20 hata ukuta uliobaki ukiujenga kwa zege. Kwa hiyo ule ukuta kati ya injini na miguu yako, kila panapopita waya, kebo ya spidi au bomba la hita, ukague kwa tochi. Mmoja akae ndani gizani, mwingine amulike upande wa injini.

MamaKorosho_Tandahimba
Ticha nimekuelewa kuliko nilivyoelewa shule.

Bondeni kaka yangu, mimi nina single kabini, msimu wa korosho nashinda humo. Kuziba hayo matundu si kelele tu. Mimi nilikuwa naumwa kichwa kila nikifika Newala, kumbe moshi ulikuwa unaingia kwenye raba ya gia, ile inayoziba tundu la mti wa gia sakafuni, imechanika. Moshi wa ekzozi una hewa ya sumu isiyo na harufu. Raba ya gia ibadilishe hata kama hujafika kwenye mambo ya kapeti.

Mzee_wa_Nachingwea
Vijana, gari za zamani zilikuwa na kelele na hatukufa.

Pweza_Kavu
Shikamoo mzee. Hamkufa ila ukipigiwa simu unasikia jirani kabla yako.

Mzee_wa_Nachingwea
Marahaba. Hilo nimelisikia.

Bondeni84
Maendeleo. Siti nje, kapeti nje, milango imevuliwa, betri nimeichomoa kwa sababu kutakuwa na kuchomelea.

Chini ya kapeti kuna zile karatasi za lami za kiwandani. Kuzibandua ni kazi. Ushauri kwa atakayefuata: anza alfajiri bati likiwa limepoa, lami inakuwa ngumu, ukigonga na tindo inaruka vipande. Saa sita mchana kwa jua la Mtwara inalainika, inanata kwenye tindo, kwenye nyundo, kwenye suruali. Mabaki nimeyafuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, milango wazi na bila moto karibu.

Upande wa dereva, pale kisigino kinapokaa, bati lilikuwa jani. Kidole kilipita. Upande wa abiria nafuu. Nilidhani maji yanatoka kwenye viatu na kuosha gari, lakini tulipomwaga maji juu ya kioo cha mbele yalishuka ndani ya nguzo mpaka sakafuni. Raba ya kioo imekauka. Kwa hiyo kioo kimetolewa, fremu yake imekwanguliwa kutu na kupakwa rangi, raba mpya imewekwa. Fundi amekata sakafu mpaka alipofika kwenye bati zima, akachomelea kipande kipya. Maungio yote nimeyaziba kwa sili ya bodi, juu redi oksaidi (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu), juu yake rangi.

Sasa swali: nabandika nini? Kariakoo kuna zile karatasi za butili, raba nzito ya kunata, zenye alumini juu. Huku mtaani naambiwa nitumie lami ya kuezekea, au godoro.

Salum_Shangani
Godoro mkuu. Nunua sponji la inchi mbili, gundi ya viatu, tandaza juu yake kapeti. Mimi nilifanya hivyo, gari kimya na miguu inaburudika. Hela unayotuma Kariakoo weka mafuta.

FundiBodi_Ligula
Salum, hilo kapeti umeshawahi kulifunua tangu uweke?

Salum_Shangani
La nini?

FundiBodi_Ligula
Lifunue.

Ticha_Masasi
Sponji la godoro lina vitundu vilivyounganika. Linakunywa maji na halirudishi. Pwani hata mvua isiponyesha, unyevu wa usiku unatosha, na ukishakuwa na chumvi ndani unaendelea kuvuta maji mengine. Umelilaza juu ya bati, umelifunika kwa kapeti, umekwisha. La pili, godoro linashika moto upesi na moshi wake ni sumu, na chini ya sakafu yako linapita bomba la moshi.

Kuna sponji la aina nyingine ambalo vitundu vyake vimefungwa kila kimoja peke yake, lile linalowekwa kwenye jaketi okozi. Hilo halinywi maji. Namna ya kujua dukani: kata kipande kidogo, kitumbukize kwenye ndoo, kikandamize mara kadhaa. Kikitoka kizito, kiache hapo hapo.

Mzee_wa_Nachingwea
Kwa kutu, sisi tulikuwa na mafuta ya ganda la korosho. Ukipaka mbao mchwa haugusi. Kijana apake sakafu yake.

MamaKorosho_Tandahimba
Baba, hayo mafuta nayajua, yanababua ngozi. Wanawake wanaobangua korosho kwa mkono muulize vidole vyao. Mtu akae nayo kwenye kabini iliyofungwa vioo, joto lote hili?

Ticha_Masasi
Mzee hajakosea kuhusu mbao. Ila ndani ya kabini mama yuko sahihi. Kwa faida ya uzi: mafuta hayo yakichakatwa kiwandani yanaingia kwenye utengenezaji wa pedi za breki. Korosho inaondoka bandarini kwetu, inaweza kuturudia kwenye breki za gari.

FundiBodi_Ligula
Na lami ya kuezekea usiweke, Bondeni. Gari likisimama juani vioo vimefungwa, ndani mnanuka barabara mpya, na kwenye paa na milango inateleza inashuka. Nimeshavua mlango nikakuta lami yote imelala chini imeziba matundu ya kutolea maji, mlango umejaa maji nusu. Butili inavumilia joto. Ghali, lakini huhitaji kufunika kila inchi.

Bondeni84
Kwamba huhitaji kufunika kila inchi ndicho nilichotaka kusikia. Fafanua.

FundiBodi_Ligula
Bati linalia zaidi katikati, pale ambapo halijakunjwa wala kushikiliwa na kitu. Gonga kwa kifundo cha kidole. Palipo na mlio mrefu, bandika. Palipojibu "du", acha. Robo mpaka nusu ya eneo inatosha kutuliza bati, ukizidisha unaongeza kilo na kupunguza pochi. Futa kwa spiriti kwanza, bandika gari likiwa limepata jua kidogo, halafu kandamiza kwa rola mpaka ile michoro ya alumini ilale. Ukipapasa kwa kiganja tu, hewa inabaki chini na hapo ndipo unyevu unapojificha.

Bondeni84
Maendeleo ya pili, naandika kwa kirefu kwa sababu wengi wameniuliza pembeni.

Butili ya milimita 2 imefika na basi kutoka Dar. Bei siandiki hapa kwa sababu kila muuzaji ana yake. Nimeweka sakafuni katikati ya mapana, kwenye kitako cha giaboksi (ile nundu ya katikati ya sakafu) karibu pote, ukuta wa injini kwa ndani mpaka ninapofika mkono chini ya dashibodi, ukuta wa nyuma ya siti, na paa. Rola nimeazima kwa fundi rangi.

Kabla ya hapo niliziba ukuta wa injini. Jaribio la tochi la Ticha lilinitia aibu ya gari langu. Kulikuwa na tundu la kebo ya kitu ambacho gari langu halina kabisa, wazi tangu kiwandani au tangu fundi fulani wa zamani. Matundu yenye waya nimeweka raba za duara mpya, yasiyo na kazi nimeyafunika kwa bati na sili.

Juu ya butili, sakafu nzima, nimelaza sponji la milimita 6 lililofaulu mtihani wa ndoo. Sikuligundisha, nimelikata likae lenyewe, ili siku nikitaka kukagua kutu nalinyanyua. Juu yake ndipo kinatakiwa kile kitambaa kizito cha vinaili ambacho wenzetu wanatumia, kilo 5 hivi kwa mita ya mraba. Huku sikukipata. Nikapiga hesabu: raba ngumu ya milimita 4 inakaribia uzito huo huo. Duka la mikeka ya raba hapa mjini wanauza kwa mita. Nimekata vipande viwili vikubwa, vinapandiana kwenye maungio, vinapanda juu ya kitako cha giaboksi bila kuacha mwanya. Ndani ya gari iliyosimama juani ilinuka raba siku za mwanzo, sasa imekata.

Kapeti la manyoya nimelikataa. Juu ya raba nimeweka mkeka wa vinaili wa kuosha. Udongo mwekundu wa Tandahimba unaufuta kwa kitambaa.

MamaKorosho_Tandahimba
Huo mkeka wa vinaili umenifurahisha. Gari la manyoya huku kwetu ni la mtu asiyeshuka.

Chuno_Boy
Milango umefanyaje? Yangu ukifunga inalia bati tupu.

Bondeni84
Milango ndiyo imenipa raha kuliko kazi yote. Kipande kimoja cha butili katikati ya bati la nje, ukipitisha mkono kwenye tundu kubwa la ndani, na kipande kidogo nyuma ya spika. Ukifunga sasa hivi, mlango unaitika kwa sauti ya kiume.

Ila sikiliza, maji yanaingia ndani ya mlango hata ukiwa na raba mpya za kioo. Ndivyo ulivyoundwa: maji yanashuka, yanatoka kwa matundu ya chini. Hayo matundu usiyazibe kwa butili wala rangi. Na ile nailoni inayokaa nyuma ya hadibodi, ambayo mafundi redio wengi wanaichana na kuitupa, ndiyo inayokinga hadibodi isivimbe. Nimekata mpya kutoka nailoni nzito ya kufunikia mizigo, nimeibandika mzunguko mzima, ncha ya chini imeingizwa ndani ya mlango ili maji yarudi humo humo.

Hadibodi mpya nimechonga kwa plaiwudi ya milimita 3, kila upande umepigwa vanishi mara mbili pamoja na kingo na matundu ya klipu. Kingo ndizo zinazokunywa maji. Juu leza nyeusi.

Pweza_Kavu
"Sauti ya kiume". Naenda kufunga mlango wa Noah yangu nione jinsia.

Salum_Shangani
Wakuu nimefunua kapeti. Sina maoni zaidi. Fundi niingie inbox.

FundiBodi_Ligula
Karibu Salum. Usiliweke gari juani ukadhani godoro litakauka humo humo, litoe godoro lote nje kwanza.

MamaKorosho_Tandahimba
Kaka na siti? Nisikie kama umeweka leza nikucheke. Gari likisimama juani mchana kutwa mnadani, ukirudi unakaa nusu makalio.

Bondeni84
Dada, siti ni kitambaa kigumu katikati, leza pembeni tu kwenye kingo zinazosuguliwa wakati wa kupanda. Sponji jipya gumu, siyo la godoro laini, fundi kushona siti alilikata kwa kufuata umbo la fremu. Springi mbili zilikatika, zimechomelewa. Kati ya springi na sponji ameweka kipande cha turubai, la sivyo waya unakula sponji kidogo kidogo mpaka linakuwa unga kama la kwanza. Hilo ni jambo dogo ambalo kama usiposimama naye hapo wengi wanaliruka.

Dari: ule utando wa sponji nyuma ya kitambaa ndio huwa unakufa kwa joto, ukirudishia gundi juu yake unarudi kuning'inia. Nimekwangua wote, nimepaka gundi inayohimili joto, kitambaa kipya. Juu yake, kati ya dari na paa, lile lile sponji la milimita 6. Mvua ya kwanza imeshapiga. Zamani ilikuwa lazima usimame kuongea na simu.

Ticha_Masasi
Ulipima?

Bondeni84
Kwa simu, programu ile ile, imewekwa mahali pale pale kwenye dashibodi, kipande kile kile cha lami, 80, vioo juu, feni imezimwa. Imeshuka desibeli 7 au 8 hivi.

Ticha_Masasi
Umefanya inavyotakiwa. Namba ya simu peke yake usiiamini, lakini tofauti kati ya kipimo na kipimo kwa simu hiyo hiyo ina maana. Desibeli 10 zikishuka sikio linasema kelele imepungua nusu, kwa hiyo hauko mbali. Na kwa anayeendesha kutwa nzima si anasa. Kipimo kinachotumika sana kazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kwa hesabu wanayotumia wataalamu wengi wa usikivu, kila zinapoongezeka 3 muda salama unakatwa nusu. Madereva wa pikapu za zamani zenye kelele wanaweza kuusogelea mstari huo.

Chuno_Boy
Kati ya yote, kipi kilishusha zaidi?

Bondeni84
Raba za kabini na maunting ya giaboksi ziliondoa ule mtetemo wa usukani na kioo cha kati, kabla sijabandika chochote. Halafu matundu ya ukuta wa injini pamoja na raba ya gia. Butili ilibadilisha milango na paa zaidi kuliko sakafu. Raba nzito ndiyo iliyomaliza mvumo wa miguuni. Ningekuwa na hela ya kitu kimoja tu, ningenunua raba za kabini.

Kilwa_Kivinje
Nimesoma uzi wote. Raba za kabini za LN106 mpya zinapatikana au nichonge kwenye tairi? Huku fundi ananiambia ya tairi inadumu.

FundiBodi_Ligula
Inadumu kweli, ila tairi lina nyuzi ndani na ni gumu mno, linabeba kabini bila kumeza mtetemo. Utakuwa umerudi ulipotoka. Tafuta mpya, agiza seti nzima na vikombe vyake vya chuma, na boliti zilizoshika kutu zimwagilie mafuta usiku mzima kabla ya kufungua, la sivyo utakata kichwa cha boliti ndani ya chasi na hiyo ni kazi nyingine.

Bondeni84
Fundi, bado niko nawe. Tangu kabini itulie nasikia "kwi kwi" nyuma kulia nikipita tuta. Sikuwahi kuisikia.

FundiBodi_Ligula
Ilikuwepo, ilikuwa inafunikwa. Bushi ya springi, pale jani kuu linaposhika kwenye shakeli, kile kiungo kinachoning'iniza springi kwenye chasi. Mwagia maji hapo, pita tuta. Ikinyamaza kwa muda, ni yenyewe, badilisha zote nne. Usipake grisi kwenye raba, inailainisha na kuimaliza.

Bondeni84
Nimemwagia maji, imenyamaza. Nimeagiza bushi. Sasa nasikia saa ya dashibodi.

Pweza_Kavu
Hiyo nayo itoe.